Minyoo Fundo: Adui Tuliyembeba Wenyewe

Hotuba ya walimu wa bustani ya shule, iliyosomwa katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kamati ilipotuomba sisi walimu tutayarishe maneno kwa siku hii, wengi walitarajia tuzungumze juu ya safari: jinsi tulivyovuka mpaka mwaka 2017, jinsi tulivyopokelewa Kenani, na jinsi makazi ya Mantapala yalivyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Mambo hayo tunayajua sote, na wapo watakaoyasema vizuri kuliko sisi. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya mnyoo. Tafadhali msicheke. Mnyoo huyu ametunyang'anya nyanya na bamia, na lililo baya zaidi, alikaribia kututenganisha sisi kwa sisi, na sisi na majirani zetu.

Jambo lililotupata

Mtakumbuka msimu ule tulipogawa miche ya nyanya kutoka kitalu cha shule. Tulisia mbegu mahali pamoja, karibu na maji, na kila familia yenye mtoto darasani ilikuja kuchukua miche yake, ikiwa imefungwa pamoja na udongo wake katika majani ya mgomba. Tulifurahi, kwa sababu nyanya ndizo tomati zetu za kupika samaki, na zikizidi hupelekwa soko la Kashikishi zirudi zikiwa sabuni, chumvi na daftari za watoto.

Mwezi wa kwanza miche ilisimama vizuri. Mwezi wa pili tuliona jambo la ajabu: saa sita mchana majani yalilala kama yamekosa maji, na jioni yalisimama tena. Watu wakaongeza maji, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Majani yakageuka manjano, miti ikadumaa, na matunda yakawa madogo kama gololi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema mbegu za msaada zilikuwa mbovu. Wengine walisema wenyeji walitupa ardhi iliyochoka. Na wengine, tunaona haya kusema, walinong'ona kwamba kuna mtu anayepita usiku katika mashamba ya wenzake. Mama mmoja mzee, ambaye hana mtoto wa kumtetea, aliacha kuja kisimani saa ambazo watu wengine wanakuja. Hakuna aliyemfukuza, minong'ono ilitosha.

Ndipo afisa wa kilimo alipopita. Hakuuliza habari za mbegu wala za usiku. Aliomba jembe, akang'oa mche mmoja taratibu pamoja na udongo wake, akausuuza katika ndoo ya maji, akatuonyesha mizizi. Ilikuwa na mafundo mafundo kama kamba yenye ushanga, na mahali pengine imevimba kama tangawizi. Kisha akauliza swali moja tu: miche hii ilitoka wapi? Tukampeleka kwenye kitalu chetu. Aling'oa miche iliyobaki, nayo ilikuwa na mafundo yale yale.

Basi tunasema leo mbele ya wote, kama tulivyosema mbele ya Kamati: hazikuwa mbegu, haikuwa ardhi ya wenyeji, wala haukuwa uchawi. Kilikuwa kitalu chetu. Sisi walimu ndio tulioigawa miche ile nyumba kwa nyumba pamoja na ugonjwa wake. Tunaomba radhi kwenu nyote, na kwa mama yule kwanza.

Mnyoo huyu ni nani

Wataalamu wanamwita minyoo fundo, kwa sababu ya mafundo anayoyafanya mizizini. Si yule nyungunyungu tunayemwona tukilima. Nyungunyungu ni rafiki wa mkulima na msimwue. Minyoo fundo mchanga ana urefu wa nusu milimita au chini yake, hata jicho la kijana haliwezi kumwona. Mtu wa kwanza kuandika habari za mafundo haya alikuwa Mwingereza Miles Joseph Berkeley, mwaka 1855, aliyeyaona katika mizizi ya matango. Tangu hapo wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 2,000 za mimea ambazo minyoo fundo huweza kula.

Maisha yake ni hivi. Mnyoo mchanga hutoka katika yai, huogelea katika unyevu ulio kati ya chembe za udongo, huingia kwenye ncha ya mzizi na kukaa hapo. Mzizi huvimba na kumzunguka. Jike hunenepa kama pea dogo, hatembei tena, na hutaga mayai 300 hadi 500, wakati mwingine zaidi, katika ute mmoja. Udongo ukiwa na joto kama wetu, yote haya humalizika katika majuma 3 hadi 4. Kwa hiyo katika msimu mmoja wa nyanya huzaliwa vizazi vitatu au zaidi. Mzizi uliojaa mafundo hauwezi kupandisha maji, ndiyo sababu majani hulala mchana ingawa udongo ni mbichi.

Udongo wa mchanga, kama huu wa kando ya ziwa Mweru, humpendeza sana, maana ana nafasi ya kupita. Lakini sikilizeni jambo hili: kwa nguvu zake mwenyewe hasafiri mbali. Kwa mwaka mzima huenda asitoke mahali alipo hata mita chache. Anayemsafirisha ni mtu: kwa mche, kwa udongo ulioshika jembe na viatu, na kwa maji yanayotoka shamba moja kwenda jingine.

Tusimchanganye na kitu kingine. Karanga na maharage yana vinundu vyake vizuri vinavyotia rutuba udongoni. Kinundu kizuri kimeshikamana ubavuni mwa mzizi tu. Ukikisugua kwa kidole kinadondoka, na ukikipasua ndani ni chekundu. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halidondoki mpaka uukate mzizi. Watoto wetu wa darasa la nne wanajua tofauti hii sasa, waulizeni.

Kwa nini hatukuomba dawa ya chupa

Wengi waliuliza: kwa nini tusiombe dawa kutoka kwa mashirika? Jibu letu ni kwamba dawa nyingi za kuua minyoo ya udongoni zina historia mbaya. Moja, iliyoitwa DBCP, ilitumiwa sana katika mashamba ya ndizi. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba wanaume waliofanya kazi katika kiwanda chake huko California walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa, na baadaye maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati walikwenda mahakamani kwa madhara hayo hayo. Nyingine ni gesi ya methili bromidi, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Kwa mkataba wa Montreal nchi tajiri zilipangiwa kuiacha katika kilimo cha kawaida ifikapo mwaka 2005, na nchi zinazoendelea mwaka 2015.

Sisi visima vyetu ni vifupi, watoto wetu hupalilia kwa mikono mitupu, na maji yetu hatimaye huelekea ziwani. Dawa inayoua minyoo udongoni haitauliza kama mbele yake kuna mtoto au samaki.

Askari waliomo udongoni

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mnyoo huyu ana maadui zake, na wengi wao tayari wamo udongoni. Hatuhitaji kuwanunua ili waanze kazi. Tunahitaji kuwalisha na kutowaua.

Mwaka 1888 Mjerumani Wilhelm Zopf aliona kwa hadubini jambo ambalo wavuvi wetu watalielewa mara moja. Kuna kuvu ya udongoni inayofuma nyuzi zake kuwa vitanzi, kama wavu. Mnyoo akipita ananasa, na kuvu inaingia mwilini mwake na kumla. Ni uvuvi kamili, ila mvuvi haonekani.

Kuvu nyingine hazitegi, zinakula mayai. Mwaka 1979 mtafiti Parviz Jatala na wenzake huko Peru waliripoti kuvu waliyoikuta ndani ya mayai ya minyoo fundo, na leo bidhaa zilizotengenezwa kwa kuvu hiyo zinauzwa katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo. Tena yuko bakteria aitwaye Pasteuria, jina lililotokana na la Mfaransa Louis Pasteur. Mbegu zake hushika ngozi ya mnyoo mchanga kama mbegu za majani zinavyoshika nguo. Mnyoo anaingia nazo mzizini, na badala ya jike kujaa mayai, anajaa mbegu za bakteria.

Huko Uingereza, wakulima waliopanda nafaka mwaka baada ya mwaka waliona minyoo wa nafaka wakiongezeka kwanza, kisha wakipungua bila dawa. Watafiti wa kituo cha Rothamsted, akiwemo Brian Kerry, walionyesha kwamba kuvu za udongoni ndizo zilizokuwa zikiwaua majike na mayai. Lakini ilichukua miaka kadhaa. Sisi hatuwezi kukaa na njaa miaka yote hiyo tukiwangojea askari waongezeke wenyewe, kwa hiyo tunawalisha.

Chakula chao ni samadi iliyooza, mboji, majani na takataka za jikoni. Mbolea ya kuku husaidia mara mbili, kwa sababu inapooza hutoa amonia, ambayo minyoo hawaivumilii. Ndugu zetu Wamambwe wa kaskazini ya Zambia wana desturi ya fundikila, ya kufukia nyasi ndani ya tuta na kupanda juu yake, na wazee wetu wa upande wa pili wa ziwa nao walifukia majani. Anayechoma majani yake yote anawanyima askari hawa posho yao.

Kumnyima mnyoo chakula

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika ziwa Mweru. Nyavu huanikwa ili samaki wazae. Shambani tunafanya kinyume: tunafunga meza ili mnyoo asizae. Katika tuta lenye ugonjwa tusipande nyanya baada ya nyanya, wala nyanya baada ya bamia, biringani, maharage au viazi vitamu, maana hivyo vyote ni vyakula vyake.

Tupande nini? Kwanza karanga. Aina za minyoo fundo zinazosumbua zaidi mboga katika nchi zetu za joto hazizai katika karanga, na sisi tunazihitaji karanga hata bila mnyoo.

Pili, marejea. Huu ni mmea wa jamii ya mikunde wenye maua ya manjano. Huko Peramiho, kusini ya Tanzania, Padre Gerold Rupper wa Wabenediktini aliwahimiza wakulima katika miaka ya 1980 kuupanda ili kurudisha rutuba. Ndugu zake hupandwa hapa Zambia pia na wakulima wa kilimo hifadhi. Minyoo fundo wachanga huingia katika mizizi yake, lakini walio wengi hawafiki utu uzima wala kutaga. Uache miezi miwili hadi mitatu, uukate unapoanza kutoa maua, uufukie. Ila tuwe waangalifu: mbegu za aina nyingine za jamii hii ni sumu kwa mifugo. Tena kuna aina nyingine za minyoo ya mizizi ambazo marejea haiwazuii. Hii ni dawa ya minyoo fundo, si ya kila mnyoo.

Tatu, lile ua la manjano au rangi ya machungwa lenye harufu kali, tagetesi. Mizizi yake ina kitu kinachoua minyoo. Lakini wengi wetu tulidanganyika tukapanda maua matatu pembeni ya tuta tukingoja muujiza. Ua hilo husaidia pale tu linapojaza tuta zima kwa miezi miwili au mitatu, na magugu yakang'olewa, kwa maana mnyoo anaweza kuishi katika magugu akingoja nyanya zirudi.

Na kwa wenye migomba, ambayo ina minyoo yake mingine: kabla ya kupanda chipukizi, limenyeni mpaka mizizi yote na madoa meusi yaondoke, libaki jeupe, kisha litumbukizeni katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Watafiti wa taasisi ya IITA walionyesha kwamba hiyo inatosha kupunguza sana minyoo bila kuliua chipukizi.

Tulivyofanya msimu uliopita

Tuliwaambia watoto kila mmoja alete kopo la udongo wa tuta la kwao. Katika kila kopo tulipanda mche mmoja wa nyanya uliooteshwa katika udongo safi. Baada ya mwezi tuliing'oa miche yote, tukaiosha na kuitazama mizizi. Kopo lenye mafundo lilitujulisha tuta lenye ugonjwa. Hatukuhitaji hadubini wala fedha. Na jambo moja lilitufundisha sana: udongo uliotoka mahali ambapo miche yetu haikufika, wa wenyeji kwa wakimbizi, mara nyingi ulikuwa safi. Tuta la mama yule mzee lilikuwa na mafundo kama matuta yetu. Naye pia alikuwa amechukua miche kwetu.

Kitalu cha zamani tumekifunga, sasa kina karanga. Kitalu kipya tumekiweka mahali pasipowahi kulimwa mboga, pa juu, ili maji ya mashamba yasiingie. Mwezi wa Septemba tulilowesha udongo wake na kuufunika kwa plastiki inayopitisha nuru, kingo zimefukiwa, kwa majuma sita ya jua kali. Joto hilo huua minyoo wengi wa tabaka la juu, na kwa kitalu tabaka hilo ndilo muhimu.

Hatusemi kwamba mnyoo amekwisha. Tulipong'oa nyanya za mwisho, mizizi mingine bado ilikuwa na mafundo machache. Lakini miti ilizaa, na vikapu vilikwenda Kashikishi. Mnyoo huyu hatutamfuta. Tutaishi naye akiwa mchache.

Tunachoomba

Kwa ndugu zetu wote, wakimbizi na wenyeji, tunaomba mambo manne. Kwanza, mtu yeyote asipokee wala kutoa miche, hata ya bure, hata ya shule, kabla ya kung'oa michache na kuitazama mizizi. Pili, jembe lisuuzwe linapotoka shamba lenye ugonjwa. Tatu, nyanya zikimalizika tusiache mizizi yake ardhini. Ing'olewe, ianikwe juani mpaka ikauke, kisha ichomwe. Nne, tuta lililougua lipumzike kwa karanga au marejea walau msimu mmoja.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: hatuombi sumu. Tunaomba mbegu za marejea na za karanga, plastiki kwa vitalu vya kila mtaa, na afisa wa kilimo apewe usafiri wa kutufikia kabla ya kusia, wala si baada ya kunyauka. Yule aliyetusaidia alifika kwa baiskeli.

Na kwa sisi sote: siku nyingine shamba likinyauka, tung'oe mche kwanza kabla ya kutaja jina la mtu. Kumjua mnyoo kulitugharimu ndoo moja ya maji na dakika tano. Kutomjua kulikaribia kumgharimu jirani yetu heshima yake, na katika nchi tulizotoka tumeona minong'ono ya namna hiyo inafika wapi.

Karanga zilizopo sasa katika kitalu cha zamani, mbegu yake tulipewa na mama yule. Alikuja nayo mwenyewe, saa moja asubuhi, saa ambayo kisima kimejaa watu.